Kwa Nini Niliwasha Msumeno wa Petroli

Baba,

Jioni hii umetoka hapa umenuna. Umesema unakwenda Juja kuwaaga wenzako, ukafika langoni ukageuka, ukasema labda hakuna haja ya kumuaga mtu kwa sababu labda huendi popote. Kisha ukalibamiza lango. Mimi nikabaki katikati ya ua nimeshika power saw ya petroli, bado ina joto, na ahadi niliyokupa tukitoka Thika imevunjika mbele ya macho yako. Ulikuwa umeniuliza kwa nini. Nikakwambia nilitaka tu kuona kama bado inawaka. Ulijua ni uongo, nami nilijua kwamba umejua, lakini jibu la kweli lilikataa kutoka.

Basi nimeketi naliandika. Wewe mwenyewe husema mimi nikisimama mbele ya mtu nageuka kisiki, na ni kweli. Barua hii nitaiweka juu ya mashati yako kwenye begi, uione kabla ya kufunga zipu. Uisome kabla ya kuamua juu ya kesho. Shule ya Lodwar ilishakungoja mara moja kwa ajili ya bega lako lililovunjika, na mwalimu mkuu amesema muhula ukifunguliwa kabla hujafika, darasa lako linapewa mwingine. Sitaki ukose kazi uliyoisomea kwa sababu ya mashine ya kukata miti, na zaidi sitaki uikose kwa sababu ya jambo ambalo hukulielewa.

Sitakuandikia habari za soksi, wala za kuchemsha maji. Umepika katika nyumba hii tangu baba yako alipoanza kuugua, na ugali wako umeupita wangu, ingawa nilikuwa nimekataa kukwambia kwa kuogopa utavimba kichwa. Huko kwenye joto utajua mwenyewe uvae nini. Nitakuandikia habari za misumeno, ule wa petroli na ule wa betri, kwa sababu mwaka huu mzima hatujazungumza jambo lingine, mimi na wewe. Tumekaa meza moja, chai mbele yetu, tukibishana kuhusu mnyororo na stima kama watu wanaouza vifaa vya ujenzi. Sasa naona kwa nini.

Kwanza nikwambie kwamba ukiwa mbali nitatamani kuliita jina lako. Wenzako shuleni walikuwa wakicheka wakisikia nakuita Baba. Ulikuja nyumbani siku moja ukitaka nikuite Njoroge mbele ya watu. Nilikukatalia. Wewe ni jina la baba yangu, na mtoto aliyebeba jina la mzazi wangu nitamwitaje kama si hivyo? Ndugu yako Karanja alibeba jina la upande wa baba yako, kwa hivyo yeye nilimkemea tu kama mtoto wa kawaida. Wewe nilikukemea kwa heshima. Huko Lodwar watakuita Mwalimu, nalo ni jina zuri.

Sasa mashine. Baba Karanja, mzazi wako, aliinunua alipostaafu kiwandani Thika. Wanaume wengine aliotoka nao walinunua ng'ombe wa maziwa. Yeye akaja na kitu kimefungwa ndani ya gunia, akakiweka katikati ya sebule, akanitazama kama mtu aliyeoa mke wa pili.

"Mama Karanja," akasema, "hii ndiyo pensheni."

"Inakamuliwa wapi?" nikamuuliza.

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile kila asubuhi ilikuwa ni moshi. Petroli na oili alichanganya kwa macho, ndani ya chupa ya soda, akiinua chupa kwenye mwanga kama daktari. Ya kupaka mnyororo alitumia oili chafu ya gereji, ile nyeusi, akidai mnyororo hauna ulimi wa kuonja. Kila baada ya siku chache kabureta inaziba, naye anavuta ile kamba, anavuta, anavuta, miwani inadondoka kwenye vumbi la mbao, na wewe uko dirishani unamhesabia kwa sauti ili akasirike zaidi. Hiyo ndiyo sauti ya nyumba yetu niliyoijua. Majirani wote wa Kalimoni walijua Baba Karanja ameamka.

Alipofariki, jioni ile ile watu walianza kuja. Unakumbuka. Walijaa uani, wakaleta sukari na majani ya chai, na sufuria kubwa ikatoka kanisani. Ndipo jirani yetu Baba Shiro, yule mkata miti, akaja mlango wa jikoni, kofia mkononi, akaniuliza kwa upole kama kuna kuni kavu. Nikamwambia hakuna, mzee hakupata nguvu ya kupasua tangu mvua.

"Basi tupasue ule mti wa mukima ulioanguka kule nyuma," akasema. "Lakini mashine yangu niliiacha kwa kazi, huko Ruiru. Ile ya mzee iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, Baba. Chai ya matanga ya mume wangu ilichemshwa kwa kuni zilizopasuliwa na mashine yake mwenyewe, na hakuna aliyeona ajabu, kwa maana kuni lazima zipatikane na mashine ilikuwepo. Hata mimi sikuona ajabu.

Ila Baba Shiro alipoivuta ikawaka, pasta alikuwa katikati ya maombi. Alijaribu kuinua sauti, akashindwa, lakini hakunyamaza. Nilimwona midomo ikienda. Nikawaona wanawake wakinena nami, wakinishika mabega, midomo yao pia ikienda. Sikusikia hata neno moja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile kupumzika. Mashine ilipozimwa na maneno yakarudi yote kwa pamoja, nilitamani Baba Shiro apate gogo lingine.

Hapo ndipo nilipoanza, na sikumwambia mtu.

Wiki iliyofuata mazishi niliitoa stoo. Nilikuwa nimemwona mzee akiiwasha kwa miaka, nikajua pa kubonyeza na pa kuvuta. Kwanza nilipogoa matawi ya chini. Ukaniunga mkono, ukasema ni vizuri nifanye mazoezi. Kisha nikaanza kuangusha. Ile miti ya mikima ya mpakani tuliipanda mimi na yeye tuliponunua kiploti hiki, kabla hata ya kuweka msingi wa nyumba, ili izuie upepo na ituonyeshe mwisho wa shamba letu. Nimeangusha mmoja baada ya mwingine. Sikuwa na haja ya mbao wala ya kuni. Wanawake wa chama walinijia wakiwa wawili, kwa ile adabu ya watu waliotumwa, wakaniambia kazi hiyo si yangu, nitafute kijana. Niliwapa chai. Walipotoka tu langoni nikarudi kuvuta kamba.

Nitakwambia sasa ilivyokuwa, maana huko uendako utakutana na watu wa namna hii na pengine utafikiri wamepona. Sikuwa na huzuni. Huzuni ningeijua, nilimzika mama yangu. Hii ilikuwa kama mguu uliokaliwa. Ukiugusa unajua ni wako, basi. Sikulia kaburini. Watu walinisifu kwamba nimejikaza, nikawashukuru. Na ile mashine inatetemesha mikono. Ukiishika nusu saa vidole vinakufa ganzi, unashika kikombe cha chai iliyotoka motoni na huoni joto. Wewe uliniletea mafuta ya kuchua. Hukujua kwamba nilipenda. Nilipenda mikono yangu ifanane na mimi. Na zaidi nilipenda kwamba ikiwaka siisikii nyumba: sisikii kiti chake kisichosogezwa, sisikii redio isiyofunguliwa habari ikifika. Watu huwasha mashine ili wakate mti. Mimi nilikata miti ili niwashe mashine.

Siku ya bega lako huijui kutoka upande wangu, kwa hivyo nitakusimulia. Nilikuwa nakata ule mti ulioinamia kwa jirani yetu Mama Nyokabi. Tawi kubwa lilikuwa limekatika juu na kunasa kwenye mti wa jirani, na mimi nipo chini yake nakazana na shina. Wewe ulikuwa unarudi kutoka Juja. Watu waliokuwa barabarani wanasema ulianza kupiga kelele ukiwa bado nje ya ua. "Mum, toka! Mum!" Mama Nyokabi naye alikuwa akipiga kelele. Hata mbwa wake. Mimi nilikuwa mahali pangu pa kupumzikia. Nilichokijua ni kwamba kuna kitu kimenipiga ubavuni, na nilipoinuka kutoka kwenye majani wewe ulikuwa umelala chini ya lile tawi, mahali nilipokuwa nimesimama.

Hospitalini ulichekesha kila mtu. Ulimwambia yule nesi kwamba mama yako amekuvunja bega kwa sababu ulikataa kuosha vyombo. Mimi nilikaa kwenye benchi nikisoma bango la kunawa mikono, hatua zote, nikifika mwisho narudia mwanzo. Mwanangu amevunjika kwa ajili yangu na mimi nasoma habari za sabuni. Nilijichunguza ndani nione kama kuna kitu, sikupata. Nikaogopa, na hata ule woga ulikuwa mdogo, ulikaa kidogo ukaondoka.

Bega lilipopona ukanipeleka Thika. Ulikuwa umeshasoma kwenye simu kila kitu kuhusu msumeno wa betri. Nilikwenda kwa sababu ulinishika mkono kama mzee anayevushwa barabara, na sikutaka kukuaibisha. Yule msichana wa duka alikuwa na subira ya ajabu.

"Mathe, hii ni rahisi sana," akaniambia. "Hakuna kuvuta kamba, hakuna kuchanganya mafuta. Unashikilia hapa, unabonyeza, imeanza. Ukiachilia, imesimama hapo hapo."

"Na stima ikipotea?"

"Unachaji mapema, unaweka. Kuna betri ya pili hata, moja ikiisha unaweka hii."

"Na mti mnene?"

Akakutazama wewe, wewe ukaangalia dari. "Mti mnene sana unaita fundi, mum," akasema. "Hii ni ya nyumbani. Kupogoa, kuni, tawi likianguka kwa njia. Lakini oili ya mnyororo bado unaweka, na mnyororo unanoa kwa tupa kama hiyo ingine. Na inakata mguu vizuri tu, usiidharau."

Akaiwasha pale pale dukani. Mteja aliyekuwa akipimiwa waya hata hakugeuka. Nikasema hiyo ni ya kukata keki. Ukacheka, lakini macho yako hayakucheka, ukaninong'oneza kwa ile sauti ambayo naapa ni ya baba yangu: "Mum, ile ingine hutaiwasha tena. Ukiiwasha, mimi siendi Lodwar. Nitakaa hapa nikulinde." Na Karanja ulipompigia simu naye akaongeza lake, kwamba kama hali ni hiyo nihamie kwao Ruiru, ghorofa ya nne, nisaidie watoto na nifunge nyumba. Nikaona nitaishia kwenye roshani nikitazama nguo za watu zikikauka. Nikaahidi.

Nilibishana nawe sana kabla ya siku ile, na nataka ujue kwamba nilikuwa nikisema kweli. Stima hupotea hapa, na ikipotea na mvua inapotea kwelikweli. Betri huzeeka. Ile ya petroli ukijaza tena inaendelea, hata uwe porini. Hizo ni sababu nzuri kwa mtu anayekata miti kutwa nzima mbali na nyumba, kama Baba Shiro. Kwa mama mmoja mwenye ua, mikima kadhaa iliyobaki, na bega la uzee ambalo halipendi kuvuta kamba, jibu lilikuwa wazi tangu mwanzo na nililiona. Nilichoogopa ni ukimya wake. Sikujua namna ya kumwambia mwanangu, ndani ya duka, mbele ya mtu anayepimiwa waya, kwamba naogopa mashine isiyo na kelele.

Babu yako, yule uliyebeba jina lake, angenielewa. Alikuwa mkata miti wa shamba la kahawa pale Ruiru. Alipogoa kahawa, na ile miti mikubwa ya kivuli ikizeeka aliiangusha kwa msumeno wa mkono. Nilikuwa nikimpelekea chakula. Alikuwa anakata kidogo, anasimama, anaweka kiganja kwenye shina, ananyamaza. Nikaongea siku moja wakati huo, akaniinulia kidole. Baadaye akanieleza kwamba mti hulia kidogo ndani kabla ya kukatika, na anayeusikia anapata muda wa kusogea. Nilifanya kazi na ile mashine ya petroli mwaka mzima nikiwa binti wa mtu huyo, na sikuwahi kuizima hata mara moja nisikilize. Ningeizima ningekusikia barabarani.

Leo nilitaka kufanya jambo zuri. Lile tawi lililokuvunja bado lilikuwa limelala pale, sote tulikuwa tukilizunguka. Nikasema moyoni, kabla hajaondoka nilikatekate niliweke kuni, asubuhi akipita na begi asilione. Wewe ulikuwa chumbani kwetu, nilikuwa nimekupa ruhusa uchague makoti ya baba yako uyatakayo. Nikachukua msumeno wa betri, nikavaa miwani na buti kama ulivyoniamuru, nikaanza.

Nakubali msumeno huo unakata vizuri. Haunipigi mikono. Na nilifanya kama babu yako: nakata, naachia kidole, unasimama kabisa, nasikiliza. Nikasikia ndege wa Mama Nyokabi, nikasikia lori likipanda barabarani. Nakata tena, naachia. Nikasikia sauti nyingine. Nilidhani ni ndama wa jirani amefungwa vibaya. Nikainua kichwa.

Ilikuwa inatoka dirishani kwetu. Ilikuwa ni wewe.

Ulikuwa unalia, Baba, na hukuwa unalia kwa siri. Ulikuwa unalia kwa sauti yote, kama mtu anayejua kwamba nje kuna mashine na hakuna awezaye kumsikia. Ulikuwa umeizoea ile nyingine. Hukujua hii mpya inanyamaza mara moja kidole kikitoka. Nikasimama pale na tawi miguuni, na nikaanza kukumbuka nyuma, siku baada ya siku. Mimi natoka stoo na mashine, wewe unasema, "Sawa Mum, mimi niko ndani kidogo." Mimi nazima, nakaa kidogo, wewe unatoka umeshanawa uso, unauliza kama nataka chai. Kila siku. Mwaka mzima nilipokuwa nje nikitafuta mahali pa kutosikia, wewe ulikuwa ndani ukingoja niwashe.

Na mimi nilidhani tuko sawa. Nilikuona kaburini ukipanga viti, ukiwaelekeza wageni mahali pa kuegesha magari, macho makavu, nikasema huyu ni wangu, hana kitu ndani kama mimi. Nilijivunia hata. Niliona tunaishi vizuri, wawili tusiohisi chochote, tukiongea habari za betri.

Nilipaswa kuingia ndani. Sikuingia. Nikawaza nikiingia, au ukigundua tu kwamba kumenyamaza, utakata kilio katikati, utapangusa uso kwa koti lake, utatoka unichekeshe. Ungefanya hivyo na kesho ungeondoka na kilio hicho kifuani. Basi nikaenda stoo mbiombio kuliko ninavyoweza, nikaitoa ile ya petroli, nikavuta kamba. Bega likaniuma. Nikavuta tena mpaka ikawaka. Sikuwa na cha kukata. Nilisimama tu katikati ya ua nimeishika hewani, nimeifungua mpaka mwisho, ikinguruma, ili umalize.

Hiyo ndiyo sababu. Ulipotoka na macho mekundu ukaniuliza, "Mum, tulisema nini?" ningekujibu nini pale?

Ulipoondoka nimeibeba mpaka kwa Baba Shiro. Nimempa, na chupa ya kuchanganyia nimempa. Akaniuliza, "Mama Karanja, imekushinda?" Nikamwambia hapana, nimemaliza nayo. Akasema mti mnene ukitokea nimwite, atakuja nayo, lakini nitasimama mbali. Kwa hivyo ukirudi usiku huu hutaikuta, na hata nikitaka kuvunja ahadi sitakuwa na cha kuvunjia. Karanja mwambie Ruiru siendi. Mikima iliyobaki sitaigusa, nitapogoa tu.

Kuna jambo moja lililobaki, nalo ndilo gumu. Nilipokusikia dirishani, kabla ya kwenda stoo, kitu kiliniuma hapa chini ya mbavu. Kidogo tu. Ni cha kwanza tangu tumzike baba yako. Nikaiwasha mashine kwa ajili yako, na kelele ilipoanza kikatulia, kikaondoka. Nimekaa kitandani tangu nitoke kwa Baba Shiro nikikingoja kirudi. Bado. Sijalia, sitaki kukudanganya kwamba nimelia. Lakini kwa mara ya kwanza nakitaka.

Kwa hivyo nenda Lodwar. Usikae hapa kunilinda. Wote wawili tulikuwa tunalindana, na umeona tulipofika. Kesho nitakusindikiza mpaka kwenye basi. Usinichekeshe njiani. Kilio kikikujia, lia hapo hapo mbele ya watu, mimi nitakushikia begi, na nitakuwa nasikia.

Mama yako